Tuufukuze Moshi, Tusimfukuze Mtu



Jioni moja baada ya sala ya jumuiya hapa Watamu, mama mmoja alibaki nyuma wenzake walipokwisha kuaga. Mume wake hufanya kazi ya mashua, huwapeleka wageni kutazama samaki na matumbawe. Awapo na wageni havuti sigara, maana tajiri wake amemkataza. Lakini akirudi nyumbani usiku huwasha sigara kitandani, na mtoto wao wa miezi minane amelala papo hapo, anakohoa. Mama alipomweleza, mume alijibu, "Nyumba ni yangu, na kifua ni changu."

Mama akaniuliza: "Mwalimu, nikimwambia atoke nje na sigara yake, nimemvunjia heshima mume wangu? Na nikinyamaza, sijamkosea mtoto?"

Ndugu msomaji, swali hili limo katika nyumba nyingi. Tulitazame pande zote mbili, upande wa haki na upande wa upendo.

Tuanze na haki. Hapa Kenya, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 ilianza kutumika Julai 2008. Inakataza kuvuta sigara ofisini, hospitalini, hotelini, katika matatu na mahali pengine pa watu wengi, isipokuwa palipotengwa kwa wavutaji. Atakayevunja sheria hiyo aweza kutozwa faini ya hadi shilingi 50,000 au kufungwa hadi miezi 6. Sababu yake ni nyepesi kuelewa: moshi haukai kwa mwenye sigara. Una kemikali zaidi ya 7,000, na makumi kati ya hizo huleta saratani. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kila mwaka zaidi ya watu milioni 1 wasiovuta hufa kwa sababu ya moshi wa wengine.

Wanandoa hasa tunapaswa kulijua jambo hili. Mwaka 1981 daktari mmoja wa Japani, Takeshi Hirayama, alitangaza matokeo ya uchunguzi wa miaka 14 juu ya wanawake zaidi ya 91,000 walioolewa na ambao hawakuvuta sigara. Aliona kwamba wale ambao waume zao walivuta sana walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta. Hawakuwahi kushika sigara mkononi. Kosa lao lilikuwa kulala chumba kimoja na mwenye kuvuta.

Sasa turudi kwa baba yetu wa mashua. Mgeni asiyemjua jina anampa hewa safi, lakini mwanawe aliyemzaa anampa moshi. Ni askari gani atakayekuja usiku kukagua chumba cha kulala? Humo mlinzi ni dhamiri tu.

Na lile neno, "kifua ni changu"? Mtume Paulo, katika sura ya 7 ya barua ya kwanza kwa Wakorintho, anafundisha kwamba mume hana mamlaka juu ya mwili wake peke yake, na mke vivyo hivyo. Siku ya ndoa mliupeana mwili. Kifua hicho ni cha mkeo pia, na ni ngao ya watoto wako. Kwa hiyo mama anayesema kwa adabu, "Baba, tafadhali usivutie ndani," hajavunja heshima. Anatimiza wajibu wake. Kufungua dirisha hakutoshi, maana moshi hubaki chumbani. Sigara itoke nje kabisa.

Lakini haki peke yake haitoshi. Wapo akina mama wanaomtoa mume nje kisha wanafunga mlango na moyo pamoja. "Mnuka moshi wewe!" Huyo baba atakwenda wapi? Atakwenda mangweni, ambako sigara haimwudhi mtu. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Tukumbuke kwamba mvutaji amefungwa. Nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache, na mwili ukishaizoea huidai. Wengi walianza wakiwa vijana wadogo, kabla ya kujua wanaingia wapi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inaitaja tumbaku pamoja na chakula, pombe na dawa, pale inapofundisha juu ya kiasi. Basi tusimwite mvutaji mpagani, wala tusimwambie kwamba hana kosa lolote. Tumsaidie.

Msaada wenyewe ni huu. Kwanza, chagueni pamoja siku ya kuacha, na siku hiyo sigara na viberiti visionekane nyumbani. Pili, jueni kwamba siku za mwanzo ndizo ngumu. Atakuwa mkali, atakosa usingizi, hamu itamshika. Vijana huiita arosto. Mama, wiki hizo usiweke hesabu ya maneno yake. Tatu, hamu ikija hudumu dakika chache tu: anywe maji, atembee, asali fumbo moja la rozari. Nne, mwende pamoja kwa daktari au mfamasia, kwani zipo dawa za kupunguza hamu, kama chingamu na vibandiko vya nikotini. Tano, akianguka aanze tena. Wengi walioacha walijaribu zaidi ya mara moja. Faida nayo haichelewi: baada ya mwaka mmoja, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hupungua kwa nusu.

Baba mmoja aliwahi kunishika katika mafundisho ya ndoa: "Mbona mke wangu hupika kwa kuni ndani, na moshi wake hamuusemi?" Ni kweli, moshi wa kuni nao huumiza vifua vya mama na watoto. Lakini mama hupika ili mle. Basi wewe baba mjengee jiko la nje lenye hewa, naye akusaidie kuacha sigara. Hapo kila mmoja atakuwa amelinda pumzi ya mwenzake.

Hata Vatikani ililipia uamuzi wa namna hii. Mwaka 2017 Baba Mtakatifu Fransisko aliamua kwamba kuanzia 2018 sigara zisiuzwe tena humo, ingawa mauzo hayo yalileta mapato mengi. Nasi wenye vibanda tujiulize tunamuuzia nani ile sigara ya mojamoja.

Yule baba wa mashua sasa huvutia nje, chini ya mwembe. Amejaribu kuacha mara mbili na mara mbili ameanguka. Lakini mara ya pili mkewe alitoka, akaketi naye mwembeni baada ya kuizima sigara, wakazungumza mpaka usiku. Ameniambia atajaribu tena.

Leo kabla ya kulala ulizaneni: nani nyumbani mwetu anavuta pumzi asiyoichagua? Na mwenye kufungwa, nani ameketi naye?

Mungu azibariki ndoa zenu.