Mtu wa Katikati

Palipo na kazi ya watu wengi hapakosi magomvi. Watu wa mgodini hugombana, watu wa sokoni hugombana, na wenye elimu vilevile. Tuchukue chuo kikuu kama hiki chetu cha Lubumbashi, kilichoanzishwa mwaka 1955, mji ulipokuwa ukiitwa bado Elisabethville. Humo wamo maprofesa, makarani na wafagiaji. Karani akionewa na mkubwa wake, aende kwa nani? Akimwendea mkubwa mwingine, rafiki wa yule, ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Akienda mahakamani, gharama ni nyingi. Na hata akishinda, kesho atakaa ofisi moja na mtu aliyemshtaki.

Kwa shida iliyofanana na hiyo, Uswidi mwaka 1809 iliweka mtu wa kusikiliza malalamiko ya raia juu ya watumishi wa serikali, akaitwa ombudsmani. Tanzania nayo mwaka 1966 iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi. Mwaka 1967 chuo kikuu cha Michigan State, huko Marekani, kiliweka wake kwa ajili ya wanafunzi. Leo vyuo vingi vinao hata kwa wafanyakazi. Mtu huyu hahukumu wala hafukuzi kazi. Husikiliza kwa siri, hueleza kanuni, na pande zote mbili zikikubali, huzikutanisha.

Mtu atauliza: asiyeweza kuadhibu atafaa nini? Basi, nguvu yake ndiyo hiyo. Mbele ya mwenye fimbo kila mtu huficha, mbele ya asiye na fimbo mtu huweza kusema, "Hapa nami nilizidisha."

Lakini liko swali gumu zaidi. Mshahara wake hutoka chuoni. Je, atakuwa wa katikati kweli? Wema wake peke yake hautoshi. Lazima pawe na kanuni, asiondolewe kwa sababu ya neno lililomchukiza mkubwa, wala maandishi yake yasifunguliwe na mtu.

Tena, kukaa katikati si kukata kila kitu nusu kwa nusu. Mshahara uliozuiliwa bila haki haugawanywi ili wote wacheke. Mizani haina upendeleo, lakini haidanganyi uzito. Na akiona kosa lilelile linarudi kila mwaka, awaambie wakubwa waziwazi, bila kutaja aliyelalamika.

Basi, tukigombana kazini, tusitafute mtu wa kutushindia. Tutafute atakayetuambia ukweli sisi pia.