Heri Nisijue?

Ukimwuliza kijana yeyote wa Nairobi kama ashawahi kupimwa presha, jibu ni rahisi: "Zii, mimi niko fiti." Hadanganyi. Anasema anavyohisi. Lakini je, kuhisi vizuri kunampa mtu haki ya kukataa kujua zaidi?

Nauliza kwa sababu ya mishipa midogo ya damu. Ile mikubwa ya moyo tunaijua. Ikiziba, mtu anashika kifua na kila mtu anakimbia kutafuta gari. Hii midogo ni myembamba kama unywele, mingine hata zaidi, na ndiyo inayogawa damu ndani ya figo, ubongo na macho. Presha ikikaa juu kwa miaka, kuta zake hunenepa na kuwa ngumu, njia ya damu ikabanwa. Kisukari nacho huchangia. Madaktari huiita arteriolosklerosisi. Jina gumu, lakini ugonjwa wenyewe hauna kelele. Hauumi.

Hesabu yake ndiyo inanitisha. Upana wa mshipa ukipungua kwa nusu, ugumu wa damu kupita hauongezeki mara 2, bali mara 16. Moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, presha inapanda, kuta zinazidi kukakamaa. Kila figo ina vichujio kama milioni moja, kwa hiyo vikianza kufa hutasikia kitu. Tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa, lakini methali hiyo inamzungumzia mtu anayeuona ufa. Huu wetu daktari huuona tu akichungulia nyuma ya jicho kwa kifaa maalum.

Franklin D. Roosevelt, rais wa Marekani, alipimwa na daktari wa moyo Machi 1944. Presha yake ilikuwa 186 kwa 108. Daktari huyo, Howard Bruenn, aliandika miaka mingi baadaye kwamba rais hakuwa mtu wa kuuliza kwa nini anapimwapimwa. Wananchi waliambiwa yuko sawa. Akagombea tena, akashinda, na tarehe 12 Aprili 1945 akafa baada ya damu kuvuja ubongoni.

Mimi simlaumu sana kwa kutouliza. Wakati huo dawa ya maana ya presha haikuwepo. Angejua, halafu? Lakini tangu miaka ya 1950 tembe zimekuwepo, na nyingine leo si ghali. Hapo ndipo naona mambo yanabadilika. Kama kujua hakusaidii kitu, kutotaka kujua ni shauri lako. Kujua kukianza kuokoa figo, "heri nisijue" inakuwa uamuzi, na uamuzi una mwenyewe.

Kuna watakaonijibu kwamba mwili ni wao. Kweli kabisa. Lakini figo zikikataa kazi, mtu husafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki, kila wiki. Dada anaacha kazi ili amsindikize. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, namba ya kuchangia inawekwa juu, na wale wale wa kila harambee wanachanga tena. Mwili ni wako, sawa, lakini bili haikujii peke yako.

Hata hivyo, hapa lazima nijizuie, maana ni rahisi sana kugeuza hoja hii kuwa kiboko cha kuwachapa wagonjwa. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa presha. Hao wote si wakaidi. Mtu wa kibarua akipanga foleni kliniki kutwa nzima, amepoteza pesa ya unga. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Sasa nani anapima chumvi iliyo ndani ya smokie au mkate? Iliwekwa kiwandani, sisi tunakula tu.

Kwa hiyo natenganisha wajibu na lawama. Wajibu ni wa leo, kabla ya kitu kuharibika, na ni mzito zaidi kwa yule anayeweza kujua kwa urahisi: mwenye nauli, mwenye dakika tano, mwenye duka la dawa hapo chini ya ploti. Serikali na wenye viwanda pia wana wao. Lawama huja baadaye, kando ya kitanda, na hapo haimtibu mtu.

Ndiyo maana rafiki akiniambia heri asijue, simtishi na kifo. Namwuliza tu: siku ukishindwa kupanda ngazi za ploti, nani atakubeba? Kila mtu ana jina la kutaja. Basi ni huyo anayestahili upimwe, hata kama wewe mwenyewe huoni haja.