Subira ya Mwenye Kuuguza

Katika nasaha apewazo mwanadamu kila apatwapo na taabu, hakuna inayokaririwa kuliko subira, wala sijui iliyofahamiwa kwa upungufu mkubwa zaidi; maana mtu ambaye mama yake amelazwa hospitali kwa maradhi mazito huambiwa na jamaa na majirani ajikaze, kana kwamba macho makavu ni alama ya imani na machozi ni ushahidi wa kufuru.

Mwaka 387, katika bandari ya Ostia karibu na Roma, Monika, aliyekuwa akingojea safari ya bahari ya kumrejesha Afrika, alishikwa na homa, akafariki siku ya tisa ya ugonjwa wake, katika mwaka wa 56 wa umri wake. Mwanawe Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika nchi iitwayo leo Aljeria, ameeleza katika Maungamo jinsi alivyoyazuia machozi yake kwa nguvu, jinsi kijana wake Adeodatus alivyoangua kilio akanyamazishwa, na jinsi yeye mwenyewe, baada ya maziko, alivyokwenda hamamuni akitaraji kuwa maji yatamwondolea huzuni, yasimwondolee kitu. Alilala, akaamka, ndipo akalia faraghani, na moyo wake ukapata pa kupumzikia. Ajabu kwangu si kilio kile, bali ni kwamba alimu mkubwa kama yeye alijiona hana budi kujitetea mbele ya wasomaji wake kwa kumlilia mama yake sehemu ndogo ya saa. Nabii Yaakubu, aliyejiusia subira njema, alimlilia Yusufu hata macho yake yakawa meupe, na hatusikii kwamba subira yake ilibatilika.

Ikiwa subira haimo machoni, basi imo wapi? Epictetus, aliyekuwa mtumwa kabla ya kuwa mwalimu wa falsafa, alijiwa na mtu mwenye cheo aliyesema kwamba binti yake alipougua hata akahofiwa kufa, hakustahimili kukaa karibu naye, akakimbia mpaka alipopelekewa habari kuwa ameona nafuu. Tena akadai kwamba ndiyo tabia ya wazazi. Mwalimu akamwuliza kama mama wa mtoto na yaya wake, ambao nao walimpenda, ingaliwapasa wakimbie vile vile, mgonjwa aachwe peke yake kwa wingi wa mapenzi ya watu wake.

Swali hilo lina uzito zaidi hospitalini kuliko nyumbani. Nyumbani mwana huchemsha uji, hupepea, hugeuza mto, na kazi humsitiri na fikira zake. Wodini kazi hizo nyingi zimo mikononi mwa wauguzi, dawa imo mikononi mwa daktari, na yeye, aliyelelewa akijua kwamba radhi ya mama hutafutwa kwa kumtumikia, huketi ubaoni nje na chupa yake ya chai akijiuliza mapenzi yasiyo na kazi yafaa nini. Hapo ndipo miguu hutaka kukimbia, nayo hujipatia udhuru mwingi wa heshima. Kwa rai yangu, asiyekimbia hapo amekwisha kusubiri, hata akiwa analia.

Basi, ewe msomaji mwenye mzazi wodini, saa ya kuwatazama wagonjwa ikifika ingia na machozi yako, na ukikosa la kusema keti vivyo hivyo. Nawe uliyezoea kumwambia mwenzio ajikaze, mpokee zamu ya usiku, akalale.