Ushahidi wa Masikio

Je, msomaji, mtu aweza kuwa shahidi wa haki katika kesi yake mwenyewe? Swali hili limezoeleka mahakamani. Nataka tuliulize sebuleni, mbele ya mashine ya muziki.

Mfikirie mtu apendaye muziki. Ana mashine ya santuri na ya kanda, amplifaya na spika mbili, na sauti yake si haba. Lakini kuridhika ni mgeni asiyekaa sana. Siku moja hununua kisanduku cha kurekebisha sauti, akakiunga kwa nyaya baina ya mashine na amplifaya, akakiwasha. Mara besi huwa nzito zaidi na mwimbaji huwa kama amesogea karibu. Huapa kuwa hajapata kuusikia wimbo ule sawasawa kabla ya siku hiyo. Kesho yake humshauri jirani akanunue chake.

Amesema kweli? Amesema alichosikia, kwa hiyo si mwongo. Hata hivyo, asiyesema uongo na ajuaye kweli si lazima wawe mtu mmoja. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walitangaza vipimo vyao vya usikivu wa binadamu. Walionyesha kuwa muziki ukichezwa kwa sauti ya chini, sikio huzipata sauti nene kwa shida kuliko zile za kati. Ukipandishwa, tofauti hiyo hupungua. Basi kisanduku kikiongeza nguvu kidogo, hata desibeli 1 tu, msikilizaji yamkini asitambue kuwa sauti imepanda. Atasema imekuwa nzuri. Ameuziwa nguvu, naye amedhani ni uzuri.

Na kuna ya kaseti. Ray Dolby, Mmarekani aliyeanzisha kampuni yake London mwaka 1965, alibuni njia ya kupunguza ule mlio wa "sss" uliosikika nyuma ya muziki katika kanda. Njia iliyotumika majumbani ilipandisha sauti nyembamba zilizo dhaifu wakati wa kurekodi, kisha ikazishusha kwa kadiri ile ile wakati wa kucheza, na mlio ukashuka pamoja nazo. Lilikuwa agano la pande mbili. Kanda isiyorekodiwa hivyo ikichezwa swichi ikiwa imewashwa, mlio hupungua kweli, lakini mng'aro wa fidla hupungua nao. Msikilizaji hufurahia ukimya, asijue ameulipia nini.

Dawa ipo, ingawa chungu. Kwanza nguvu za sauti zisawazishwe kwa kipimo, si kwa kukisia. Kisha ndugu yako asimame penye swichi, akitoe na kukiingiza kisanduku kwa kurusha shilingi, nawe usione. Fanyeni mara 16, na kila mara useme kama kimo au hakimo. Ukipatia mara 8, hujaonyesha lolote ambalo shilingi isingaliweza. Kupatia mara 12 au zaidi kwa kubahatisha hutokea chini ya mara 4 katika majaribio 100. Hapo neno lako lina uzito.

Utaniambia kuwa furaha ni yako na fedha ni zako. Nakubali, maadamu umenyamaza. Hakuna amhukumuye mtu kwa sukari aliyotia katika chai yake. Lakini yule jirani ana karo ya kulipa, naye hakukuuliza habari za furaha yako. Aliuliza habari za kisanduku.

Wengine husema kuwa jaribio la haraka huchosha sikio na kulitia hofu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Basi na liwe la majuma kadhaa: swichi ifunikwe kwa kitambaa, ndugu arushe shilingi yake kila asubuhi na kuandika jibu katika daftari lake, nawe kila jioni usikilize kwa raha yako na kuandika katika lako. Siku ya 16 zikipita, madaftari mawili yafunguliwe juu ya meza moja, na jirani aitwe aje kuyasoma.