Pikipiki Iliyobadilishwa Shokapu: Je, Bado Ni Ileile?

Suzuki SV650, iliyoingia sokoni mwaka 1999, mara nyingi hufungwa shokapu za mbele za Suzuki GSX-R, pikipiki ya kasi, kwa kuwa zake za asili ni laini mno kwa mwendo wa kasi. Kwa kawaida vishikizo, ringi na breki huhama pamoja nazo. Hapo huzuka swali: pikipiki hiyo bado ni ileile?

Mwandishi wa kale Plutarch alisimulia mabishano kama hayo ya wanafalsafa kuhusu merikebu ya shujaa Theseus, ambayo Waathene walibadilisha mbao zake zilizooza moja baada ya nyingine. Mwaka 1655 mwanafalsafa Thomas Hobbes alilikaza swali zaidi: mbao kuukuu zikitumiwa kuunda merikebu ya pili, ya kweli ni ipi? Sheria za nchi nyingi hufuata namba ya chesisi, jibu linalofaa ofisini tu, maana namba hutambulisha chombo bila kueleza kiini chake. Aristotle alikitafuta kiini katika umbo, si katika mata peke yake, na hoja hiyo ndiyo nzito zaidi. Shokapu ngeni hubadilisha namna pikipiki inavyokata kona na kuinama ikifunga breki. Lakini umbo lake, yaani mpangilio unaounganisha fremu, injini na magurudumu, hubaki. Kwa hiyo pikipiki ni ileile, ingawa tabia yake ni mpya.