Kipimo Kinashuhudia Nini?

Tukiuliza ni kipimo kipi cha korona kinachosema kweli, swali lenyewe lina kasoro. Kipimo cha PCR hutafuta chembe za urithi za kirusi na kuzizidisha maradufu, mzunguko baada ya mzunguko, hata kilicho kidogo mno kionekane. Ndiyo maana huweza kutoa jibu chanya wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Kipimo cha antijeni hutafuta protini za kirusi. Hujibu ndani ya nusu saa, lakini huwakosa wengi wenye virusi vichache. Cha kingamwili husoma yaliyopita. Kila kimoja ni shahidi wa jambo lake, na shahidi hawi mwongo kwa kutojibu asichoulizwa.

Lakini Mei 2020 Rais Magufuli wa Tanzania alitangaza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilitoa jibu chanya. Tuamini nini basi? Pingamizi hili ni zito, na maabara inawajibika kulijibu. Hata hivyo, tunaliita jibu hilo kosa kwa sababu tunaamini lipo jibu sahihi. Kosa hudai uchunguzi wa sampuli, vitendanishi na mikono iliyovishika. Halibatilishi ushahidi wote. Ukipewa jibu la maabara, uliza limetafuta nini, na lini.