Deni Letu kwa Waliolala Bagamoyo

Kila mwaka jamaa nyingi za Kikristu, kwaya, vigango na shule hukodi mabasi na kwenda Bagamoyo kwa safari ya siku moja. Mwendo si mrefu. Kutoka Dar es Salaam ni kilomita 70 hivi. Watu hupita katika njia ya miembe, hutazama kanisa la kale na nyumba ya makumbusho, husali kwenye pango la Bikira Maria, kisha huzuru makaburi. Halafu hula chakula chao kivulini na kurudi kwao jioni. Safari hiyo ni njema, wala hatuna neno la kuilaumu. Ila twapenda kuwauliza wasomaji wetu swali moja: asimamaye mbele ya makaburi yale anadaiwa nini na waliomo?

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja mwaka 1868, wakaanzisha misioni katika mji uliokuwa mwisho wa njia kuu ya misafara ya bara. Kwa njia hiyo zilishuka pembe za ndovu, na kwa njia hiyo hiyo walishuka watu waliofungwa minyororo. Mapadri wakawakomboa watoto na watu wazima kwa fedha, wakawapokea na wengine waliookolewa baharini na manowari za Waingereza. Wakawajengea kijiji, wakafungua mashamba na kupanda minazi. Mwezi Aprili 1872 tufani kubwa iliiharibu misioni, nao wakaijenga tena. Siku za vita vya mwaka 1888 na 1889, watu wengi walikimbilia humo wapate kujisalimisha. Na katika miaka hiyo yote malaria na homa nyingine ziliwaua wamisionari wengi wangali vijana.

Basi deni la kwanza ni shukrani. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Wamisionari wa Afrika walioelekea kwenye maziwa makuu mwaka 1878 walianzia safari yao Bagamoyo. Hivyo hata Mkristu wa Tabora au wa Bukoba ana sehemu yake katika mji ule. Lakini shukrani hiyo isiishie kwa waliotoka Ulaya. Misioni ya Mhonda ilipofunguliwa mwaka 1877, walikwenda huko pia Wakristu waliolelewa Bagamoyo, waume na wake zao, wakawa mbegu ya kanisa jipya. Ni wangapi kati yetu wajuao hata jina moja la hao?

Hapo twaikuta kasoro ya zamani. Mwezi Februari 1874 mwili wa David Livingstone uliwekwa Bagamoyo kabla ya kupelekwa London. Chuma, Susi na wenzao walikuwa wameubeba kwa miezi mingi kutoka nchi iitwayo leo Zambia. Jiwe la kaburi lake lasema kwamba aliletwa na mikono amini. Jina la mwenye mkono halitaji hata moja. Dunia hukumbuka aliyebebwa na kuwasahau wabebaji.

Deni la pili ni ukweli, nalo ni zito zaidi. Desturi yetu ni kwamba marehemu hasemwi vibaya. Walakini wako vijana wanaouliza: je, kumnunua mtumwa, hata kwa kumkomboa, si kumtajirisha mwuzaji? Tena, je, mtoto yule alipata uhuru kweli, ikiwa misioni ilimpangia saa ya kuamka, shamba la kulima, na hata siku ya kuoa?

Swali la kwanza lina jibu. Kanisa lilikomboa mateka tangu kale. Shirika la Utatu Mtakatifu lilithibitishwa kwa kazi hiyo mwaka 1198. Mtoto aliye sokoni leo hawezi kungoja sheria ya kesho, na dhambi ya biashara ni juu ya mwuzaji. Bahari ilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873; watoto waliokombolewa kabla ya hapo wasingaliweza kuungoja.

Swali la pili halijibiwi upesi hivyo. Nidhamu ya Bagamoyo ilikuwa kali, na wako waliotoroka. Waliowalea waliwapenda, twaamini, lakini upendo usiomwuliza mpendwa neno lolote umepungukiwa. Kusema hivyo si kuwatukana wamisionari. Kuficha ndiko kungewavunjia heshima, kana kwamba kazi yao isingeweza kustahimili mwanga.

Na hapo lazuka deni la tatu, ambalo Mkatoliki hana udhuru wa kulisahau, yaani sala. Tukiwasifu marehemu kana kwamba hawakuwa na doa, twawanyima kitu wanachokihitaji kuliko sifa. Aliye toharani hafaidiki na hotuba zetu. Hufaidika na Misa takatifu, na rozari, na sadaka kwa maskini. Kwa hiyo ukweli na huruma haviko vitani. Ajuaye kwamba Padri fulani alikuwa mtu mwenye upungufu ndiye atakayemwombea. Na yule aliyekombolewa, asiye na jiwe wala jina, huombewa pamoja naye kila tuwaombeapo marehemu wote katika Misa.

Lakini kaburi halisemi habari za kale tu. Katika nyumba nyingi za Wakatoliki mjini yumo msichana wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini. Twasema, “Tumemwokoa katika umaskini.” Huenda ni kweli. Basi na tujiulize: je, analipwa mshahara wake kwa wakati? Anapewa nafasi ya kwenda Misa ya Jumapili? Aweza kurudi kwao apendapo? Na sisi wenyewe, je, twalijua jina lake kamili na la mama yake? Ajabu ni kumlilia mtumwa wa mwaka 1868 makaburini, kisha kumfokea huyu jioni kwa sababu chakula kimechelewa.

Wazazi wanaowapeleka watoto Bagamoyo wawasomee majina yaliyoandikwa, wawaeleze na habari za wale ambao majina yao hayakuandikwa. Wasali nao hapo walau Baba Yetu mmoja na Salamu Maria moja. Anayezuru makaburi na kuwaombea marehemu kati ya tarehe 1 na 8 Novemba, akitimiza masharti ya kawaida, Kanisa humjalia rehema kamili kwa ajili ya roho za toharani. Na wasiojaliwa kufika Bagamoyo wasisikitike. Kila parokia ina makaburi yake, na mengi yamemezwa na nyasi. Jembe na rozari vyatosha kuanza kulipa deni hilo.